Glavu za kuvulia samaki wakati wa kipupwe: maswali ninayoulizwa sana na wavuvi wa Dodoma, Hombolo na Mtera

Mbukwenyi, wavuvi wenzangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, na Jumamosi nyingi alfajiri hunikuta ukingoni mwa bwawa la Hombolo na mshipi mkononi. Kuanzia Juni mpaka Agosti watu huniletea glavu za mitumba niwakatie vidole, niwazibie mishono au niwashauri kama zinafaa. Maswali yao hujirudia kila mwaka. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Dodoma kuna baridi gani ya kumvalisha mvuvi glavu?

Huulizwa zaidi na ndugu zetu wa Pwani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Kwa aliyejifunika blanketi hiyo si baridi ya kutisha. Mvuvi ana shida nyingine: mikono yake imelowa, anapigwa na upepo, na amekaa mahali pamoja saa tatu au nne bila kazi ya kumpasha damu moto.

Fikiria mtungi wa udongo. Maji yake hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya hadi nje na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Mkono uliolowa hufanyiwa vivyo hivyo. Huku kwetu mvua hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na Julai hewa ni kavu kabisa na upepo wa kusini-mashariki haupumziki, kwa hiyo maji hukauka juu ya ngozi kwa kasi kubwa. Ndiyo maana ukitumbukiza mkono bwawani alfajiri unahisi maji ni vuguvugu, na maumivu huanza pale unapoutoa.

Ganzi ikishaingia, kazi huharibika. Julai moja nilifunga ndoano nikiwa sisikii ncha za vidole. Nilivuta fundo nikaona limekaza, kumbe uzi ulikuwa umepita nje ya kitanzi. Kambale mkubwa alishika chambo, nikamvuta mpaka nikauona mgongo wake, kisha fundo likafunguka akaondoka na ndoano mdomoni. Kilichoniuma zaidi ni ile ndoano, kwa sababu samaki yule hakupaswa kuteseka nayo kwa uzembe wangu. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani msimu wa kipupwe bila glavu.

Basi ninunue zile nene kuliko zote?

Hapana. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu anakwenda soko la Sabasaba, anachambua kwenye mitumba, anakuta glavu za theluji zilizojaa kama mto wa kulalia, anafurahi. Akifika bwawani hawezi kushika mnyoo, hawezi kufunga ndoano, hahisi samaki anapodonoa. Anazivua, anafanya kazi mikono mitupu, anazirudishia zikiwa na maji ndani. Baada ya saa moja glavu zile ni sifongo la maji baridi, na hazikauki siku hiyo.

Ushauri wangu ni jozi mbili nyembamba badala ya jozi moja nene. Moja ya kufanyia kazi, ambayo unajua italowa. Ya pili ibaki kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ukiuweka kifuani chini ya koti ili ipate joto la mwili. Ya kwanza ikizidiwa unajifuta mikono kwa kitambaa kikavu, unavaa ya pili, unaendelea. Kitambaa hicho watu hukisahau, na bila hicho jozi ya pili italowa kabla haijafanya kazi yoyote.

Na kabla hujanunua glavu hata moja, angalia kifundo cha mkono. Hapo mishipa ya damu iko karibu sana na ngozi, na damu inayokwenda vidoleni hupita hapo. Ukiacha pengo kati ya mkono wa koti na glavu, damu inafika vidoleni ikiwa imepoa tayari. Soksi ya sufu iliyochakaa, ukiikata sehemu ya juu, inatosha kuziba pengo hilo. Wateja wangu wengine huishia kuvaa hiyo soksi peke yake asubuhi zisizo na upepo, na vidole vyao huwa sawa.

Kitambaa gani kinafaa?

Pamba iache kabisa. Glavu za pamba ni laini na bei yake ni ndogo, ila hunywa maji, na zikinywa hazina faida tena. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na kinachokupasha joto ndani ya glavu yoyote ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Pamba ikilowa, hewa hiyo imekwisha.

Sufu ni tofauti. Nyuzi zake zina mikunjo, hazilali bapa hata zikilowa, kwa hiyo hubakiza hewa kidogo. Ukiikamua ukavaa tena, mkono unapata nafuu. Jinsi ya kuitambua kwenye mitumba: soma lebo kama ipo. Kama haipo, vuta uzi mmoja ulegee, uchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibanio. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua na huacha majivu yanayosagika. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muombe muuzaji ruhusa kwanza.

Kile kitambaa chepesi chenye manyoya kama blanketi, kinachotengenezwa kwa poliesta, nacho ni kizuri kwa sababu hakinywi maji mengi na hukauka upesi. Udhaifu wake ni upepo, ambao hupenya moja kwa moja. Kivae chini ya kitu kingine.

Halafu kuna niopreni, ile raba yenye sponji ambayo wapiga mbizi hushonewa nguo. Ndani yake kuna vipovu vidogo vya gesi vilivyofungika, maji hayaingii humo hata ukiloweka siku nzima, na upepo haupiti. Mkono unaweza kuwa na unyevu ndani na bado ukabaki na joto, mradi glavu imebana vizuri. Kwa mabwawa ya Hombolo na Mtera unene wa milimita 2 unatosha. Ukizidi hapo unapoteza wepesi wa vidole bila sababu. Kwenye mitumba zipo, ila hazionekani kila siku, na wauzaji wengi hawajui ni za nini. Ukiona glavu inayonyumbuka kama tairi laini la baiskeli, yenye kitambaa chembamba kilichobandikwa juu, ishike usiiachie.

Nikate vidole?

Kata viwili au vitatu tu, usikate vyote vitano. Kidole gumba, cha shahada na, kwa anayefunga mafundo madogo, cha kati. Viwili vya mwisho havina kazi kwenye ndoano, na ndivyo huwahi kupoa. Viache vifunikwe.

Ukiwa na mkasi nyumbani usikimbilie kukata glavu ya kufuma. Itafumuka mpaka kiganjani kabla kipupwe hakijaisha. Kwanza pitisha mshono wa kuzunguka kidole mara mbili, pale unapotaka kukata, kwa uzi wa poliesta. Acha nusu sentimita, kisha kata juu ya mshono. Ukataji wenyewe uwe kwenye kiungo cha kwanza cha kidole ukihesabu kutoka kwenye kucha, si katikati ya kidole. Unahitaji ncha tu. Watu hukata chini sana halafu wanalalamika kwamba glavu haina maana.

Niopreni haifumuki, kwa hiyo unaweza kuikata kwa wembe mkali bila kushona. Shida yake ni mishono ya zamani kuachia. Sindano ikipita upande mpaka upande inaacha matundu, na maji hupita humo. Mimi hupaka gundi ya viatu pande zote mbili za mpasuko, nasubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, nabana kwa nguvu, kisha nashona kwa mkono huku sindano ikiishia katikati ya unene bila kutokea upande wa pili. Ni kazi ya polepole, lakini glavu hudumu.

Njia nzuri zaidi, kama una uvumilivu wa kumngoja fundi, ni kukipasua kidole upande wa kiganja badala ya kukikata. Ncha inakunjwa nyuma wakati wa kufunga ndoano na kurudishwa ukimaliza. Tunaweka kipande kidogo cha ule utepe unaonata wa kufungia viatu vya watoto, ili ncha ishike ikiwa imekunjwa.

Nitajuaje namba yangu?

Chukua futikamba, zungusha kiganja chini ya vifundo vya vidole bila kuhesabu gumba. Namba nyingi za glavu ni huo mzunguko kwa inchi: kiganja cha inchi 9, yaani karibu sentimita 23, ni namba 9. Niopreni ikae kama ngozi, bila mfuko wa maji kwenye ncha. Sufu ilegee kidogo. Kunja ngumi na uhesabu hadi 20, kisha fungua. Ukihisi vidole vinadunda au viganja vimepauka, glavu inabana damu, na glavu inayobana damu itakupoza zaidi ya mkono mtupu.

Mimi huenda sokoni na kipande cha mshipi mfukoni. Nikiweza kufunga fundo nimevaa glavu, nanunua. Nikishindwa, nairudisha hata kama ni nzuri kiasi gani.

Glavu za mafundi ujenzi, zile zilizochovywa raba kiganjani, hazitoshi?

Zinatosha kwa kushika. Raba yenye mikwaruzo haiteleshi hata kwenye ute wa kambale, na zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ila mgongo wake ni nyuzi tupu na upepo hupita. Vaa chini yake glavu nyembamba za hospitali, zile za bluu, na mkono utakuwa umekingwa na upepo pamoja na maji. Jasho litakusanyika, kwa hiyo baada ya saa moja hivi zivue ujifute. Kwa asiye na pesa ya zaidi, huu ndio mchanganyiko ninaoupendekeza, na nimeuvaa mwenyewe misimu miwili.

Ninavua kwa nyavu Mtera. Ushauri ni huohuo?

Sivyo. Mtera ni maji ya namna nyingine. Likijaa, bwawa lile linapita kilomita za mraba 600, na kusi ikikaza mawimbi huvunjika ukingoni kama ya bahari ndogo. Wavuvi walioko mitumbwini hulowa kuanzia viwikoni.

Kwa kuvuta nyavu, jambo la kwanza ni kwamba glavu isilegee. Kidole cha glavu kikinaswa kwenye jicho la wavu wakati wavu unarudi majini, kinakwenda na mkono wako. Zuia kamba, vifungo na vishikizo vyovyote vinavyoning'inia. Glavu ifike juu ya kifundo na ibane hapo, lakini uweze kuivua kwa mkono mmoja ukivuta. Ijaribu ukiwa nchi kavu. Mtu aliyeanguka majini anahitaji vidole vyake vyote.

Za mpira mzito kama zile za kuoshea vyombo, ukivaa na sufu nyembamba ndani, zinawafaa wavuvi wa nyavu kuliko niopreni, kwa sababu nyavu huchana niopreni upesi. Toboka moja na kazi imekwisha, kwa hiyo beba ya akiba.

Mimi siendi majini. Naparua na kuuza samaki. Mikono yangu inapasuka kila Julai.

Mama yangu, swali lako lingestahili kuwa la kwanza, maana wewe unashika maji saa nyingi kuliko mvuvi. Kwa mkono unaoshika samaki, vaa glavu ya sufu au poliesta nyembamba, juu yake ile ya mpira ya jikoni yenye mkono mrefu, namba moja kubwa kuliko unayovaa kawaida. Mkono wa kisu uwe na glavu moja tu iliyobana, ili kisu kisikuteleze.

Kupasuka kwa ngozi hutokana na kulowa na kukauka mara nyingi kwenye hewa hii yetu kavu. Paka mafuta mazito usiku kabla ya kulala, si asubuhi kabla ya kuvaa glavu, kwa sababu mafuta ya mgando hulegeza mpira wa asili na glavu itachanika mapema. Nyufa zikiwa wazi zifunike kabla ya kushika samaki. Vidonda vidogo ndivyo njia ya wadudu.

Glavu itanikinga na mwiba wa kambale?

Haitakukinga. Miiba yake ya mapezi ya kifuani ni migumu na ina meno kama msumeno, na miiba ya mgongoni ya perege hupenya glavu ya kufuma kama sindano. Glavu inakusaidia kumshika vizuri, na ukishamshika vizuri huchomwi. Kambale mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba. Perege laza pezi la mgongo kwa kiganja kuanzia kichwani kwenda mkiani.

Ukichomwa, vua glavu mara moja. Watu huiacha kwa sababu inaonekana kuzuia damu, huku uchafu wote wa samaki umebanwa kwenye kidonda. Osha kwa maji safi na sabuni, na kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati nenda zahanati. Kidole kikivimba au uvimbe mdogo ukikaa wiki kadhaa bila kupona, mwambie daktari kwamba unafanya kazi na samaki, maana kuna maambukizi ya ngozi yatokayo kwenye maji na samaki yanayohitaji dawa zake.

Na kama unamrudisha samaki mdogo majini, lowesha glavu kwanza. Glavu kavu humtoa ute unaomlinda.

Je, kichocho?

Glavu haikusaidii ukiingia majini kwa miguu. Vimelea hupenya ngozi yoyote iliyo ndani ya maji yenye konokono wake. Vulia ukingoni, na Mtera kuna sababu nyingine ya kutosimama majini: mamba na viboko.

Mwanangu anakwenda kusoma Uingereza na anapenda kuvua. Zile za Hombolo zitamfaa kwenye ufukwe wa huko?

Hazitamfaa, na nafurahi umeuliza kabla hajaondoka. Niliwahi kukaa Walvis Bay, Namibia, karibu mwaka mmoja nikishona nguo za kazi, na huko ndiko nilikoona uvuvi wa ufukweni kwenye baridi ya kweli. Mkondo wa Benguela huleta maji baridi kutoka kusini, ukungu hufunika pwani asubuhi, na wanaume kwa wanawake husimama kwenye povu la mawimbi wakimtafuta samaki aitwaye kabeljou kwa fimbo zenye urefu wa mita 4 hivi. Kila wimbi linamwagia mikono upya. Hapo nilielewa kwamba glavu ya kuzuia maji si jibu. Wimbi likipita juu ya ukingo wa glavu hiyo, maji yanabaki ndani kama kwenye ndoo. Wenyeji wengi niliovua nao walivaa niopreni inayokubali kulowa.

Uingereza, ambako watu huvua chewa ufukweni majira ya baridi, hewa inaweza kukaribia sifuri. Achukue niopreni ya milimita 3 yenye ncha za gumba na shahada zinazokunjwa, ukingo mrefu, na mkono wa koti ubane juu ya ukingo huo ili maji yanayoteremka yasiingie. Jozi ya pili iwe ya sufu, kubwa, ya kuvaa wakati fimbo imesimama kwenye kishikilio.

Kuna jambo la kidole cha shahada pia. Katika kurusha chubwi la gramu 150, mshipi hukaa juu ya kidole hicho mpaka sekunde ya mwisho. Mshipi wa kusuka hukata ngozi iliyolainika kwa maji, na niliona kidole kilichokatwa karibu na mfupa. Wenyeji huvaa kipande cha ngozi ya mnyama kwenye kidole hicho wanaporusha. Namshonea yeyote anayetaka. Na kila jioni azisuuze glavu kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Naweza kujipasha moto kwenye jiko la mkaa nikiwa nimevaa?

Tafadhali usifanye hivyo. Poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na niopreni huungua. Hata mikono mitupu yenye ganzi isisogezwe karibu na makaa, kwa sababu utaungua kabla hujahisi. Weka mikono kwapani au tumboni chini ya shati, dakika tano. Zungusha mikono kama mtu anayerusha jiwe kwa kombeo, damu itashuka vidoleni.

Na kinywaji kikali?

Kinafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto usoni huku mwili unapoteza joto lake. Chai ya tangawizi kwenye chupa ni bora mara mia.

Harufu haitoki. Nifanyeje?

Zigeuze ndani nje, ufue kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha suuza kwa maji yenye limau au siki. Harufu ya samaki huvunjwa na uchachu. Anika kivulini kwenye upepo. Jua la Dodoma hupasua mpira na niopreni ndani ya msimu mmoja, na sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto itarudi na ukubwa wa mkono wa mtoto.

Navaa glavu nzuri na bado vidole vinapauka, vinakuwa vya bluu, kisha vinauma vikirudi.

Hilo si suala la glavu. Kuna watu ambao mishipa midogo ya vidole hufunga ghafla ikiguswa na baridi, hata baridi ndogo. Kwenye ngozi yetu angalia kucha na upande wa kiganja, huonekana zaidi hapo. Uvutaji wa sigara huzidisha. Muone daktari, hasa kama limeanza ukubwani au liko mkono mmoja tu, na kwa sasa vaa glavu kabla hujatoka nyumbani, usisubiri kufika bwawani.

Jozi zote mbili zimelowa, na samaki ndio wameanza kula. Nifanyeje?

Ya sufu ikamue kwa nguvu, ipige kwenye paja mara kadhaa, vaa, kisha funika kila mkono kwa mfuko wa plastiki wenye tundu la gumba na shahada. Funga kifundoni kwa mpira. Haupendezi machoni lakini upepo hautapita, na utapata saa moja zaidi. Mfuko huo urudi nao nyumbani, usiuache ukingoni.